Ng'ombe Wako Wapi Kwenye Bendera

"Mwalimu, baba ametutoka," Robi, binti wa Mzee Mwita, aliniambia kwenye simu, na kabla sijapata neno la pole akaongeza, "Ameacha gauni lako. Amesema uje ulichukue." Nikadhani mtandao umekata maneno. Nina miaka sitini na minne, nimestaafu ualimu, naishi hapa Tarime na kuku wangu, na sikumbuki kuacha gauni nyumbani kwa mwanaume yeyote. Nikamuuliza gauni gani. "La njano," akasema. Hapo nikakaa chini palepale jikoni, kwenye kigoda, kwa sababu gauni la njano nililikumbuka vizuri sana. Ila lilikatwakatwa vipande na mkasi mbele ya macho yangu, mwaka ule wa kuhamia vijijini, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema likatwe.

Kesho yake nilipanda basi. Lilisimama Nyamongo karibu saa nzima, watu wanapakia saruji, konda anagombana na mama mwenye jogoo, na mimi sina subira, sijawahi kuwa nayo. Nikatoa daftari langu la mwaka ule kwenye mkoba nikaanza kusoma. Ni daftari la shule, la mistari, jalada limeshatoka. Wakati ule niliandika kila siku, kwa haraka, kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Nikatafuta ukurasa wa siku ya bendera. Uko pale, kwa wino wa bluu: "Mzee Mwita ameharibu bendera. Nilimwambia kijani juu. Hasikii. Wamemchukua. Fomu yangu imesainiwa." Sentensi tano. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na niliona sentensi tano zinatosha.

Kijiji kilikuwa upande wa Issenye, na kilikuwa kipya kiasi kwamba udongo wa kuta ulikuwa bado unanuka mvua. Watu walikuwa wametolewa kwenye miji yao, huko walikozoea kukaa kila mtu na boma lake na ng'ombe wake, wakapangwa kwa mistari, nyumba kwa nyumba, kama madawati darasani. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri chuo cha ualimu. Nikaambiwa nisikae bure, nikafundishe pale. Asubuhi watoto, alasiri watu wazima, masomo ya kisomo, ndani ya ghala la pamba. Wanafunzi wangu wa alasiri walikuwa wazee wenye fimbo na akina mama wenye watoto mgongoni, wamekaa juu ya magunia, na mimi mbele yao na chaki, nina sauti kubwa, najua kila kitu. Nikikumbuka sasa naona aibu kidogo. Lakini pia namwonea wivu yule msichana, maana hakuwahi kuchanganyikiwa hata siku moja. Kuchanganyikiwa kumenijia uzeeni.

Siku tuliyosoma habari za bendera nilichora ubaoni. Nikawaambia kijani ni ardhi na mimea yake, njano ni madini, nyeusi ni sisi wananchi, bluu ni maji, maziwa na bahari. Wakarudia wote kwa sauti moja, vizuri kabisa. Nikawaambia ya Uhuru ilikuwa bendera ya Tanganyika, haikuwa na bluu, tulipoungana na Zanzibar ndipo bluu ikaja. Mzee Mwita akanyoosha fimbo. Alikuwa fundi cherehani, mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kuuliza swali wakati wewe umeshafunga kitabu.

"Ile ya Uhuru niliiona Tarime," akasema. "Mistari ilikuwa imelala. Hii mbona imeinama?"

"Haijainama, mzee. Imekwenda mshazari."

"Ndiyo kuinama huko."

Watu wakacheka. Nikamwambia ndivyo ilivyochorwa. Akatikisa kichwa, akasema sawa, kisha akauliza swali ambalo lilinifuata miaka yote. "Mwalimu, ardhi nimeiona. Maji nimeyaona. Madini sijawahi kuyaona lakini nakubali. Sisi tupo hapo katikati. Sasa ng'ombe wako wapi?"

Halikuwa swali la mzaha. Wazee wengine waliinua shingo kutazama ubao, kama vile ng'ombe wamejificha nyuma ya chaki. Siku zile wengi walikuwa wamepoteza mifugo kwa kuhama, malisho ya pale yalikuwa mageni na boma lilikuwa mbali na nyumba. Mzee Mwita mwenyewe alibaki na ng'ombe sita. Nikajibu haraka, "Wako kwenye kijani. Kijani ni majani, ng'ombe anakula majani." Mama mmoja nyuma akasema, "Basi wameshaliwa na hayo majani," na kicheko kikaanza upya. Nikapiga ubao kwa kiganja nikasema tuendelee na hesabu.

Wiki chache baadaye mwenyekiti wetu, Magige, alirudi kutoka wilayani akiwa na jasho na habari. Mgeni mkubwa atakuja kuzindua kijiji. Lazima nguzo iwepo, lazima bendera iwepo, na bendera wilayani zimekwisha. "Tutashona wenyewe," akasema. "Fundi tunaye, cherehani ya kijiji tunayo, na msomi huyu hapa ataonyesha." Msomi nilikuwa mimi. Na msomi alikuwa na jambo lake: fomu ya chuo ilitaka sahihi na muhuri, kijiji kilikuwa hakijaandikishwa, hakina muhuri, na siku za kupeleka fomu zilikuwa zinakwisha. Yule mgeni ndiye angesaini. Kama siku ile ikienda vizuri, naenda chuo. Ikienda vibaya, nabaki ghalani na magunia, na nyumbani walikuwa wameshaanza kuzungumza habari ya kuniozesha. Hilo nililijua, na Mzee Mwita alilijua, kwa sababu nililisema mara kumi kwa siku kwa yeyote aliyesimama karibu.

Nguo tuliokoteza. Nyeusi ilikuwa kaniki ya mke wa Mzee Mwita. Bluu ilitoka kwenye masalio ya kaptula za shule. Kijani alileta Magige, sijui alikitoa wapi na hatukumuuliza. Njano haikupatikana. Tulizunguka nyumba zote, mstari kwa mstari, hakuna kitu cha njano kijiji kizima isipokuwa viini vya mayai na gauni langu. Gauni zuri, la kwanza kununuliwa dukani badala ya kushonwa kutoka nguo ya mtu mwingine. Nikalitupa juu ya cherehani nikasema, "Kata." Mzee Mwita akaligusa, akanitazama. "Mwalimu, una uhakika?" Nikamwambia akate kabla sijabadilisha mawazo. Mkewe akasema, "Mkasi huo haujawahi kukata kitu cha maana hivyo," akatoka kwenda kugeuza ugali.

Chumba kile naweza kukichora hata leo. Cherehani ilikuwa mlangoni ili ipate mwanga, sakafu haijakauka, ukikaa muda mrefu miguu ya kigoda inazama. Tulikula ugali wa muhogo na mtama kwa maziwa ya mgando, Robi akiwa binti wa miaka kumi na mmoja, amepewa kazi ya kuokota pini. Nje nilisikia mkewe akiongea na jirani: "Wametubananisha mpaka mume wako akikohoa, mimi ndiye naamka." Jirani akajibu, "Na wako akikoroma nasi tunageuka." Mzee Mwita alitabasamu bila kuinua kichwa. Mbele yake ilikuwa karatasi yangu, nimechora bendera kwa kalamu, kijani juu upande wa nguzo, bluu chini upande mwingine, na katikati mstari mweusi wenye kingo za njano, unapanda kutoka chini kwenye nguzo kwenda juu.

"Hapa sielewi," akasema. "Maji ya ziwa yanatoka wapi?"

"Kwenye mvua na mito."

"Na mvua inakaa wapi?"

Nikaona anakokwenda. "Mzee, kijani juu."

"Nauliza tu. Mvua iko juu, majani yako chini. Bluu ikiwa juu inanyeshea kijani, majani yanaota, ng'ombe wanakula. Hapa wewe umeweka majani angani na maji chini yake. Ng'ombe atapanda wapi?"

"Ndivyo ilivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo!"

Akacheka, cheko la polepole. "Sasa umekuwa serikali," akasema. Kisha akauliza kamba itapita wapi. Nikamwambia aweke upindo pembeni, wa kupitishia kamba, na nikaondoka, nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Upindo pembeni. Sikusema upande upi. Sikufikiri kwamba kuna mtu ambaye hajawahi kuiona bendera ikifungwa. Ila mimi mwenyewe nilikuwa nimeiona mara elfu, shuleni, asubuhi, na nilikuwa sijawahi kuifunga.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto. Watoto walipangwa tangu asubuhi, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Gari la wageni lilifika karibu na adhuhuri. Kila mtu alikuwa anakimbia. Magige alinipa bendera ikiwa imekunjwa, akasema, "Funga, funga, wanashuka," na mimi nikapitisha kamba kwenye upindo uliokuwa mkononi, fomu yangu ikiwa imekunjwa ndani ya blauzi, naisikia ikichoma ngozi. Mgambo akavuta kamba. Mwanzoni ilipanda kama nguo iliyolowa. Halafu upepo ukatoka upande wa mbuga, ukaifungua yote kwa mara moja.

Bluu ilikuwa juu. Kijani kilikuwa chini.

Kijiji hakikugundua. Watu walipiga makofi, akina mama walipiga vigelegele, na kusema kweli ilikuwa nzuri, gauni langu likiwaka juani pande mbili za ule weusi. Lakini mgeni hakupiga makofi. Alikuwa mtu mnene mwenye suti ya kola fupi, akaitazama, akamtazama Magige, akaitazama tena. "Bendera ya taifa kichwa chini," akasema, sauti ya chini kabisa. "Hii ni nini? Nani hapa anataka kutuambia nchi imepinduka?" Mgeni akauliza, "Kijiji hiki si ndicho chenye watu waliokataa kuhama? Nani ameshona?"

Na mimi, kabla hata Magige hajajibu, nikasema. Nimejaribu miaka mingi kukumbuka kama kulikuwa na hatua ndogo ya kufikiri kati ya swali na jibu. Haikuwepo. Nikaona mvua, nikaona majani, nikasikia lile cheko la polepole, nikajua kabisa kwamba yule mzee mbishi ameshona alivyotaka yeye. "Nilimwambia!" nikasema kwa sauti ile ya darasani. "Mzee Mwita, nilikuambia kijani juu! Nilikuchorea!"

Watu wakageuka. Mzee Mwita alikuwa amesimama na wazee wenzake, kavaa koti lake la kanisani. Hakunitazama mimi. Aliitazama bendera, kwa muda mrefu, kichwa kimeinama kidogo, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine. Niliona macho yake yakienda kwenye kamba, yakarudi kwenye nguo. Kisha akaja mbele.

"Ni kweli," akasema. "Binti alinionyesha vizuri. Mkosaji ni mimi."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Mimi ni mzee wa ng'ombe, sijasoma. Naomba ishushwe, nitaifumua mwenyewe."

Ikashushwa. Aliipokea yeye kabla haijagusa chini, akaikunja haraka haraka, ndogo sana, akampa mkewe. Wakampandisha garini nyuma. Mkewe hakulia, alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mura Magige, kijana wangu, huyo mtu hajanywa hata uji." Magige akaangalia viatu vyake. Hotuba zikaendelea. Baada ya hotuba nilitoa fomu yangu, ikiwa imelowa jasho, na yule mgeni akaisaini juu ya boneti ya gari, akaniambia, "Taifa linahitaji vijana waangalifu kama wewe." Niliandika maneno hayo pia kwenye daftari, ukurasa unaofuata. Baadaye niliyakata kwa kalamu, lakini bado yanasomeka.

Alirudi baada ya wiki tatu, kwa miguu kutoka barabarani. Cherehani ya kijiji ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, aliyeshona suruali zenye mguu mmoja mrefu. Mzee Mwita hakushona tena. Akaenda shambani na boma lake la ng'ombe sita. Nilipokwenda kuaga kabla ya chuo, nilijiandaa kwa lawama, hata nilitamani anifokee. "Shikamoo mzee," nikasema mlangoni. "Marahaba. Karibu, kaa." Akanipa uji wa ulezi, tukanywa, tukazungumza habari za barabara. Nilikuwa na maneno ya msamaha mdomoni, lakini msamaha wa nini? Mimi nilimwambia kijani juu. Nilikuwa na haki. Basi kwa nini uji haukushuka? Nilipoinuka akasema, "Ukifika huko chuoni, waulize ng'ombe wako wapi." Nikakasirika. Niliona ananikejeli. Sikuuliza. Niliuliza tu, mara moja, kwa nini kijani kiko juu, na mkufunzi akasema, "Andika ulivyoambiwa." Nikaandika. Nikaja kuwaandikisha watoto wa watu miaka thelathini na zaidi, kila mwaka, rangi nne, na kila mwaka nilifuta ubao haraka kabla mtu hajanyoosha mkono.

Tulimzika mchana. Jioni, watu wakiwa wanakula nje, Robi, ambaye sasa ana wajukuu, aliniita ndani na kuweka sanduku la bati juu ya meza. "Alisema ni gauni la mwalimu," akasema. "Alisema alikopa, lirudi kwako." Akatoa bendera. Hakuwa ameifumua. Bluu imepauka kuwa kijivu, kaniki imekuwa ya kahawia, lakini njano ya gauni langu bado ni njano. Tukaitandaza, yeye upande wake wa meza, mimi wangu. Macho yangu siku hizi hayaoni vitu vya karibu, kwa hiyo natumia vidole. Nikapitisha kidole kwenye ukingo wa kushoto, nikapata upindo wa kamba. Nikapitisha ukingo wa kulia. Upindo mwingine.

Nikarudia. Kushoto, kulia. Aliweka pande zote mbili, kwa sababu nilimwambia pembeni na hakujua upande upi. Bendera hii ukiishika upande mmoja, kijani kiko juu. Ukiizungusha ukaishika upande wa pili, ni nguo ileile, mstari uleule unapanda vilevile, ila bluu iko juu. Kwa hiyo awe alishona alivyoagizwa au la, aliyefunga kamba ni mimi. Nilikaa pale nikijitetea bado, mzee mzima: labda naye alikusudia bluu iwe juu. Labda tulikosea wote. Nani atajua?

Halafu kidole kikakwama. Katikati ya ule mstari mweusi kulikuwa na kitu kama kovu. Uzi mweusi juu ya kaniki nyeusi, vimepauka pamoja, hauonekani hata ukikodoa, lakini ukigusa unamsoma mnyama: mgongo, nundu, pembe mbili ndogo, miguu minne. Mdogo kama kiganja cha mtoto. Niliishika bendera kama nilivyoichora kwenye karatasi, kijani juu upande wa nguzo, nikamfuata tena kwa kidole. Alikuwa amesimama wima, miguu chini, anapanda ule mshazari kama ng'ombe anayepanda kilima kwenda malishoni. Ndivyo mzee alivyokusudia. Kijani juu, kama nilivyomwambia. Na siku ile, mbele ya mgeni na kijiji chote, ng'ombe huyu alining'inia miguu juu angani, na mtu mmoja tu ndiye aliyemwona.

Sijui kwa nini alisema mkosaji ni yeye. Aliiona kamba, nina hakika aliiona. Inawezekana alikuwa ananificha mimi na fomu yangu. Inawezekana alikuwa anamficha ng'ombe wake, maana kama wangeikagua ile nguo kwa mkono asingerudi baada ya wiki tatu. Inawezekana sikuwemo kabisa kwenye mawazo yake. Miaka yote hii nilidhani nina deni la maneno makali tu. Sasa sijui nina deni gani, na mwenye kujua tumemfunika na udongo leo.

"Mwalimu, umepata nini?" Robi akauliza. Nikamshika kidole kama nilivyokuwa nikimshika darasani, nikakiweka pale. Alifumba macho. Kidole kikatembea, kikasimama, kikarudi.

"Ng'ombe," akasema. Kisha, kwa sababu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, akakunja uso. "Lakini mbona miguu iko juu?"

"Mimi ndiye nilimfunga hivyo," nikasema, na nikaizungusha bendera polepole mezani, kidole chake kikiwa bado juu yake, mpaka ng'ombe akasimama.